Kwa nini tulikataa kazi ile: mazungumzo juu ya nyufa za mshono

Mazungumzo haya yalitolewa na kikundi cha atelie mbele ya wanachama, hapa Mboko. Tunayaandika karibu jinsi yalivyosemwa, kwa ajili ya wenzetu wa Swima, Lusenda, Nundu na Baraka ambao hawakufika, na wale walio bado ng'ambo ya ziwa.



Kamati ilituita tujibu swali moja. Kwa nini sisi wa atelie tulimrudisha mwenzetu, mwanachama anayelipa mchango wake kila mwezi, tena kwa kazi ndogo, ufa usiofika urefu wa kidole? Wengine walisema tumeota majivuno. Wengine walisema atelie ilifunguliwa kwa feza ya chama, basi haina ruhusa ya kumrudisha mtu. Maneno hayo yote tumeyasikia. Hatukuja kugombana. Tumekuja kueleza tulichokiona, na pia kukiri kosa letu, maana lipo.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Kule kambini, Lugufu na Nyarugusu, tulisema kuchomelea. Huku nyumbani watu wanasema kusude. Kazi ni ileile. Pale vyuma viwili vilipoyeyuka na kushikana tutapaita mshono. Na ile sehemu ya kandokando ya mshono, ambayo haikuyeyuka lakini ilipata moto mkali, tutaiita ukingo. Lishikeni hilo neno ukingo, maana habari yetu ya leo karibu yote inakaa hapo.

Chombo alicholeta mwenzetu ni kile cha kutengenezea gesi ya kuchomelea. Ndani unatia mawe ya karbire na maji. Vikikutana, inatoka gesi ya asetilini, inapita kwenye mpira mpaka kwenye mdomo wa moto. Mafundi wengi wa barabara hii, kutoka Uvira mpaka Fizi, wanaishi kwa chombo cha namna hiyo. Hiki kilitengenezwa kwa chupa ya zamani ya gesi, ya chuma kinene, iliyokatwa na kuwekewa shingo ya bomba.

Mara ya kwanza kililetwa wakati wa mvua. Ufa ulikuwa pale shingo inapoungana na mwili. Tulikiosha kwa maji, tukakijaza maji wakati wa kazi kama inavyotakiwa, tukapitisha bagete juu ya ufa, tukapaka rangi. Mwenyewe aliondoka akifurahi. Baada ya siku chache akarudi: chombo kinanuka. Tukadhani tuliacha katundu mahali fulani. Tukakata kiraka cha chuma, tukakiweka juu, tukakizungushia mshono. Akaondoka tena. Mara ya tatu ufa ulitokea mahali pengine kabisa, ukifuata ukingo wa kiraka chetu wenyewe, kama mtu aliyechora mstari kwa kufuata rula. Hapo ndipo tulipoogopa.

Mtu akija kwako na homa mara tatu, na kila mara unampa kidonge kilekile bila kumuuliza kitu, wewe si mganga, wewe ni muuza vidonge. Ndivyo tulivyokuwa. Mara mbili tulifunika ufa bila kuuliza ulitoka wapi. Safari ya tatu tuliuliza. Majibu tuliyopata ndiyo yaliyotufanya tukatae.

Fundi anayetazama ufa anajiuliza mambo matano. Uko wapi? Ulitokea lini? Ulianzia upande gani, ndani au nje? Chuma chenyewe ni cha namna gani? Na ndani ya chombo kunakaaga kitu gani?

Tuanze na wapi. Ufa ukipita katikati ya mshono wenyewe, kwa urefu, au ukikaa kama nyota pale ulipoinua bagete, huo kwa kawaida ni ufa wa moto. Ulizaliwa palepale mshono ulipokuwa unaganda. Sababu zake tunazijua: chuma kichafu, mafuta, rangi, mshono mpana mno usio na kimo, au fundi aliyeondoa mkono haraka bila kujaza kishimo cha mwisho. Huo unaonekana kabla kazi haijapoa vizuri.

Ufa ukikaa ukingoni, kandokando ya mshono, au ukijificha chini yake, huo mara nyingi ni ufa wa baridi. Huu ndio mbaya, kwa sababu unachelewa. Unamaliza kazi, unatazama, hakuna kitu. Unalala. Chuma kinapasuka usiku, au kesho yake. Ndiyo maana mafundi wa vyombo vya gesi husubiri saa 48 kabla ya kupima mishono ya chuma cha namna hiyo. Ufa wa baridi unahitaji vitu vitatu vikutane: haidrojeni iliyoingia ndani ya chuma, ukingo uliogeuka mgumu, na nguvu inayovuta. Ukiondoa kimoja, haupati nafasi.

Haidrojeni inatoka wapi? Inatoka kwenye maji. Bagete iliyolala wazi karibu na ziwa inakunywa unyevu. Moto wa umeme unapasua ule unyevu, haidrojeni inaingia kwenye chuma kilichoyeyuka, na chuma kikipoa inakwama humo ikitafuta pa kutokea. Ukingo mgumu unatoka wapi? Chuma chenye kaboni nyingi, au kinene, kikipoa upesi kinakuwa kigumu kama tupa. Kigumu maana yake hakinyooki, kinavunjika. Na nguvu inayovuta? Mshono wenyewe ukipoa unajikunja na kuvuta chuma cha pande zote mbili. Hata bila presha ndani, kile chuma tayari kinavutwa.

Sasa tazameni tulichofanya sisi. Chupa ya zamani ambayo hatujui chuma chake. Mvua inanyesha. Bagete za pakiti iliyofunguliwa tangu wiki nyingi, na za aina ya 6013, ambazo hata zikiwa kavu zinaleta haidrojeni nyingi kuliko 7018. Hatukupasha chuma moto kabla. Tena chombo kimejaa maji, kwa hiyo kilipoa haraka kuliko kawaida. Maji yalituokoa na mlipuko, hatujutii kuyatia. Lakini maji hayohayo yaliufanya ukingo kuwa mgumu. Vitu vyote vitatu tulivikutanisha kwa mikono yetu.

Tulipimaje? Hatuna mashine ya kupiga picha ndani ya chuma. Tulitumia vitu vitatu ambavyo kila mmoja anaweza kuvipata. Kwanza tupa. Tuliisugua taratibu mbali na mshono, ikauma. Tukaisugua ukingoni, ikateleza. Huo ndio ugumu. Pili, chokaa na mafuta ya taa. Chombo kilikuwa kimemwagwa, kimeoshwa na kukauka, na tuliweka moto mbali. Upande wa nje tulipaka chokaa nyepesi, ikakauka. Upande wa ndani, kwa kitambaa kilichofungwa kwenye fimbo, tulipaka mafuta ya taa. Mafuta ya taa yanapita mahali ambapo maji hayapiti. Baada ya muda, kwenye chokaa ukatokea mstari wa rangi ya uchafu. Ufa tuliouona kwa macho haukufika urefu wa kidole. Mstari wa chokaa ulifika kiganja kizima. Tatu, tuling'oa kiraka chetu. Chini yake ufa wa zamani ulikuwepo bado, mzima, hatukuwahi kuutoa. Tulikuwa tumeufunika tu blanketi.

Ndugu zetu, hapo ndipo tulipomwambia mwenzetu: hiki chombo hatukigusi tena, na wewe usikiwashe.

Pengine mtasema, hayo ni mambo ya chombo kidogo cha kijijini. Kuna kisa ambacho mafundi wa mitambo ya gesi wanafundishwa sehemu nyingi duniani, na tunapenda mkisikie, maana ugonjwa wake ni ndugu wa huu wetu.

Karibu na mji wa Chicago, Marekani, kulikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta. Ndani yake palisimama mnara wa chuma, mrefu karibu mita 19, upana wake zaidi ya mita 2 na nusu, unene wa ukuta milimita 25. Kazi ya mnara ilikuwa kuosha gesi ya propani na butani, hiyohiyo ya kupikia, ili kuondoa gesi ya salfa inayonuka kama yai bovu. Gesi ilipanda juu, maji yenye dawa ya kunyonya salfa yalishuka chini, vikakutana njiani. Mnara ulianza kazi mwaka 1970.

Ile gesi ya yai bovu ikikutana na maji juu ya chuma, inaingiza haidrojeni ndani ya ukuta. Kumbukeni: sisi haidrojeni yetu ilitoka kwenye bagete mbichi, siku moja tu. Wao ilitoka ndani ya mnara wenyewe, kila siku, mwaka hata mwaka. Chuma kikaanza kuvimba malengelenge. Mwaka 1974 wakakata pete moja ya mnara, iliyoharibika, wakaweka pete mpya na kuichomelea palepale ulipokuwa umesimama. Mshono ulipomalizika haukupashwa moto tena. Kazi kama hiyo ya kupasha inafanyika kwa joto la kama nyuzi 600, kisha chuma kinaachwa kipoe polepole, ili ukingo ulainike na ile nguvu ya kuvuta ipungue. Kanuni ya wakati ule haikulazimisha kupasha chuma cha unene ule. Hawakuvunja sheria. Lakini waliacha ukingo mgumu ndani ya chombo kinachopokea haidrojeni kila siku.

Miaka 10 ikapita. Nyufa zikaanzia ndani, ukingoni mwa mshono ule wa 1974, zikaungana, zikala ukuta kuelekea nje. Nje rangi ilikuwa safi. Tarehe 23 Julai 1984 mfanyakazi mmoja aliona gesi inatoka kwenye ufa karibu na mshono, urefu kama shubiri. Alijaribu kufunga vana. Ufa ukarefuka mbele ya macho yake. Akaanza kuondoa watu. Wazima moto wa kiwanda walikuwa wanafika mnara ulipopasuka kuzunguka. Sehemu ya juu iliruka kama kilometa 1. Watu 17 walikufa, na wengi wao ni wale wazima moto waliokuwa wanakuja kusaidia.

Wapimaji walipotazama vipande, walikuta mahali ambapo ufa ulikuwa umekwisha kula zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za unene wa ukuta kabla ya siku ile. Kwa hiyo mnara haukufa Julai 1984. Uliugua tangu 1974, siku ulipotengenezwa.

Ndilo jambo tunalotaka mwende nalo nyumbani. Matengenezo yenyewe yanaweza kuwa mwanzo wa ugonjwa. Mtu akiona mshono mpya anafikiri hapo ndipo penye nguvu. Kumbe hapo ndipo pa kutazama kwanza.

Kuna ufa wa namna ya tatu, tuutaje kwa kifupi, maana madereva mko hapa. Ni ufa wa kuchoka. Chuma kinachotikiswa kila siku, kama mguu wa kompresa au kibao kinachoshika tanki la hewa la lori, kinapasuka kidogokidogo. Ufa wake unaanzia kwenye kona au kwenye mguu wa mshono, unapita sawasawa, na uso wake ukiuvunja unaona mistari kama mawimbi mchangani. Huo ukiufunika bila kuondoa mtikisiko, utarudi kandokando. Si bagete iliyokosea, ni barabara na kile kibao.

Sasa tuseme habari ya Kivu, kwa sababu vijana wengi hapa wanauliza habari ya kazi.

Ziwa Kivu lina gesi chini ya maji yake. Wataalamu wanakadiria metani kama kilometa 60 za ujazo, na hewa ya ukaa mara tano ya hiyo. Tena gesi ile ina kiasi kidogo cha ile ya yai bovu. Upande wa Rwanda, tangu miaka ya 1960 kulikuwa na kituo kidogo huko Rubona, karibu na Gisenyi, kilichopeleka gesi kwenye kiwanda cha bia. Leo, mbele ya Kibuye, kuna jukwaa linaloelea, KivuWatt, linalovuta maji kutoka kina cha kama mita 350, kutenganisha gesi na kuiosha, kisha inapelekwa nchi kavu kuzalisha umeme wa megawati 26. Upande wetu wa Congo, mwaka 2022 serikali ilitangaza zabuni ya vitalu vitatu vya gesi katika ziwa hilohilo: Makelele, Idjwi na Lwandjofu.

Hatusemi kwamba mitambo hiyo ina nyufa. Tunasema hivi: pale pana maji, pana hewa ya ukaa, pana gesi ya yai bovu, na pana mshono. Mtu anayechomelea vyombo vya namna hiyo hawezi kuingia na elimu ya kufunika matundu. Kwa vyombo vinavyopokea gesi ya yai bovu, wakaguzi wanapima ugumu wa ukingo kwa mashine, na kwa chuma cha kawaida kipimo kisipite 22 kwenye mizani ya Rockwell C. Kikipita, mshono haupokelewi, hata kama ni mzuri wa macho. Gesi ya Songosongo, Tanzania, ambayo baadhi yenu mmesikia habari zake, karibu haina salfa, kwa hiyo ugonjwa huu haiusumbui sana. Gesi si zote sawa. Ndiyo maana swali la tano, ndani kunakaa nini, lisisahauliwe.

Kijana anayetaka kazi hiyo atafute cheti. Bukavu kuna INPP. Kigoma, kwa walio bado upande ule, kuna VETA. Cheti hakimfanyi mtu kuwa fundi, lakini bila hicho hakuna atakayekuruhusu kugusa chombo cha presha. Na hata wenye cheti wanapimwa upya kwa kila aina ya mshono.

Turudi Mboko. Tumepatana sisi wa atelie sheria zifuatazo, na tunaomba chama kizikubali ziwe sheria za wote.

Chombo chochote cha presha au cha gesi kikiletwa na ufa, hakichomelewi siku hiyo. Kinapimwa kwanza, na mwenyewe anaambiwa tulichokiona.

Chupa ya gesi ya kupikia, chupa ya oksijeni na chombo cha karbire kilichotengenezwa kwa chupa ya zamani, hatuchomelei kabisa. Hatujui chuma chake, hatufiki ndani, na hatuna namna ya kuhakikisha.

Tanki la hewa lililo jema la kutosha kutengenezwa, ufa wake unachimbwa wote mpaka uishe, siyo kufunikwa. Tunachimba, tunapima, tunachimba tena. Kipimo kisipoonyesha kitu, ndipo tunachomelea, kwa bagete kavu. Bagete za 7018 zilizokwisha kunywa unyevu zinapashwa katika tanuri kwenye nyuzi kama 300 au 350, saa moja au mbili. Kuzianika juani kama dagaa haitoshi.

Baada ya kazi, chombo kinajaribiwa kwa presha ya maji, si ya hewa. Maji hayabanwi, chombo kikipasuka yanamwagika tu. Hewa inabanwa kama ringi ya gari. Chombo kikipasuka kinakuwa bomu.

Na ya mwisho, ya kwanza kwa uzito. Ukiona chombo cha gesi kinavuja kwenye ufa, usikaze, usigonge, usiende kuleta sabuni. Zima moto ulio karibu kama uko njiani mwako, ondoa watoto na majirani, ondoka. Yule mfanyakazi wa Chicago alikuwa hodari, alijaribu vana kwanza. Sisi hatutaki hodari, tunataka watu wazima wa mwili.

Sasa tuseme wazi juu ya mwenzetu. Yeye hana kosa. Alileta chombo kwa watu anaowaamini. Feza aliyotulipa mara mbili tumemrudishia yote. Lakini hana chombo, na bila chombo hana chakula. Kumwambia mtu "usiwashe" halafu kumwacha na njaa, huko ni kumlazimisha awashe usiku tusipomwona. Kwa hiyo tunaomba mambo mawili kutoka mfuko wa chama. La kwanza, mkopo wa kununua chombo kipya kiwandani, chenye vana ya kutoa presha inayozidi na kizuizi cha moto usirudi nyuma. Asetilini ikibanwa kupita kiasi inalipuka yenyewe, hata bila cheche. Kanuni ni isipite presha ya bari 1 na nusu. Atakirejesha kidogokidogo, nasi wa atelie tutasimama kuwa wadhamini wake. La pili, feza ya kununua dawa ya kupimia nyufa. Ni makopo matatu: la kusafishia, la rangi nyekundu na la unga mweupe. Unasafisha, unapulizia nyekundu, unasubiri dakika 10 mpaka 20, unafuta, unapulizia nyeupe. Ufa ukiwepo juu ya chuma, rangi nyekundu inatoka yenyewe kama damu kwenye kitambaa. Chokaa na mafuta ya taa vinaonyesha ufa uliokwisha kutoboa. Hii dawa inaonyesha ule ambao bado haujatoboa, na huo ndio tunaoutaka.

Yalifuata maswali. Tunaandika mawili.

Mama mmoja aliuliza: "Wanangu, mkikataa ninyi, si ataenda kwa fundi mwingine atakayekubali?" Tulijibu: Ndiyo mama, anaweza. Kwa hiyo hatutoshi kukataa peke yetu. Tumekwisha kuongea na mafundi wanne wa hapa sokoni, walio wanachama na wasio wanachama, tukawaonyesha ile chokaa yenye mstari. Watatu wamekubali kufuata. Wa nne amesema atafikiri. Tunaomba wazee mtusaidie kwa huyo wa nne.

Mzee mmoja akasema: "Zamani tulikuwa tunafunika, na vyombo vilifanya kazi miaka." Tulijibu: Ni kweli, baba. Hata ule mnara ulifanya kazi miaka 10 baada ya kutengenezwa. Chombo kilichopona hakituambii kama kilikuwa kizima au kilikuwa kinangoja.

Mkutano ulikubali sheria za atelie kwa mikono mingi. Mkopo ulikubaliwa pia, urejeshwe kwa miezi ambayo kamati itapanga na mwenyewe. Juu ya makopo matatu, mweka hazina alisema mfuko hautoshi kwa sasa, yasubiri michango ya miezi miwili ijayo. Basi walio na madeni ya michango, tunawaomba. Kile chombo cha zamani tumekikata vipande viwili pale mshono ulipopasuka, na kimetundikwa ukutani kwenye atelie. Anayetaka kuona ufa wa ndani aje, tutamwonyesha. Vijana wanaojifunza nasi tunawaanzishia hapo, kabla hawajashika bagete.